Ute wa Chachu: Namna ya Kuzalisha, Kusafisha na Kutambua Polisakaridi katika Maabara Ndogo ya Tanga

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mafundi wa maabara, walimu wa sayansi na wanafunzi wa vyuo walioko Tanga na pwani yake, ambao wana otoklevu (chombo cha mvuke wa shinikizo cha kuulia vijidudu), mashine ya kutikisa, sentrifuji ya kawaida (mashine ya kuzungusha ili kutenganisha) na spektrofotometa (kipimo cha mwanga unaomezwa na rangi), nao wanataka kukuza chachu inayotoa polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya sukari zilizoungana, kuipata polisakaridi hiyo ikiwa safi, na kisha kusema kwa uhakika imeundwa na sukari gani. Kazi hii inawezekana hapa kwetu bila mitambo ya gharama kubwa, isipokuwa hatua chache za mwisho ambazo sampuli itabidi ipelekwe kwingine. Jambo moja nitalirudia mara kwa mara, kwa kuwa ndilo linaloharibu kazi nyingi za aina hii: si kila kinachoganda unapomimina ethanoli kimetengenezwa na chachu. Chumvi za fosfeti huganda, sukari iliyobaki hunasa ndani ya mashapo, pektini ya juisi ya matunda huganda vizuri kabisa, na hata ekstrakti ya hamira tunayoitia kama chakula huja na polisakaridi zake yenyewe. Kwa hiyo kila unapoandaa flaski za kupandwa chachu, andaa nyingine yenye chakula kilekile isiyopandwa kitu, uipitishe katika kila hatua bila kuiruka hata moja.

Chachu ipi, na polisakaridi ipi

Polisakaridi za chachu hukaa mahali pawili. Baadhi zimo katika ukuta wa seli. Kwa Saccharomyces cerevisiae, ambayo ndiyo hamira ya mkate na ambayo hupatikana sana pia katika tembo la mnazi, ukuta huwa kati ya asilimia 15 na 30 ya uzito mkavu wa seli, na sehemu yake kubwa ni beta-glukani (minyororo ya glukosi) na protini zilizobeba minyororo ya manosi (sukari jamaa ya glukosi), pamoja na kitini kidogo, ambayo nayo ni polisakaridi ngumu. Nyingine hutolewa nje ya seli, zikaizingira kwa ganda laini la ute au zikayeyuka katika maji ya kukuzia. Hizi za nje ndizo rahisi kuvuna, kwani hakuna haja ya kuvunja seli, na ndizo nitakazozikalia zaidi.

Mtoaji mashuhuri ni Aureobasidium pullulans, kuvu anayeishi kwa umbo la chachu katika sehemu kubwa ya maisha yake. Hutoa pululani, ambayo ni vipande vya glukosi tatu tatu zilizoungwa kwa viungo vya alfa-1,4, navyo vipande hivyo vikaungana kwa viungo vya alfa-1,6 (namba hutaja kaboni zinazoungana, na alfa au beta hutaja mwelekeo wa kiungo). Kampuni ya Hayashibara ya Japani ilianza kuitengeneza kibiashara mwaka 1976, na leo hutumika katika utando unaolika na katika vidonge vya ganda. Chachu nyekundu za jenasi ya Rhodotorula nazo hutoa ute. Rhodotorula glutinis hutoa polisakaridi ya manosi yenye viungo vya beta-1,3 na beta-1,4 vinavyopishana, tofauti kabisa na polisakaridi ya manosi ya ukuta wa Saccharomyces, ambayo uti wake ni alfa-1,6 na matawi yake ni alfa-1,2 na alfa-1,3. Tofauti hii ina maana kubwa kwetu, kwa sababu watu wawili wanaweza kupata manosi tupu katika sampuli zao na bado wakawa na vitu viwili visivyofanana.

Kuitafuta majanini

Aureobasidium, Rhodotorula na jamaa zao huishi juu ya majani. Michungwa ya Muheza, miembe iliyo uani mwa nyumba za mjini na miti ya milima ya Usambara Mashariki kuelekea Amani, ambako umande hukaa majanini hadi jua lipande, yote ni mahali pazuri pa kuanzia. Chagua majani yaliyokomaa ambayo hayajapuliziwa dawa ya kuua kuvu. Usikate kitu kabla ya kumwamkia mwenye shamba na kumweleza unachokitaka. Maneno ya "Shikamoo mzee, naomba majani machache ya kupimia maabara" huondoa mashaka yote, na mara nyingi mzee huyo ndiye atakayekwambia ni miti ipi ilipuliziwa dawa na lini.

Tia gramu 5 za majani katika mililita 50 za maji ya chumvi ya asilimia 0.85 yaliyochemshwa katika otoklevu, utikise kwa nusu saa. Punguza ukolezi mara kumi kumi, hatua tatu au nne, kisha utandaze mililita 0.1 ya kila hatua juu ya sahani ya aga, yaani jeli ya kukuzia. Chakula cha kutosha ni ekstrakti ya hamira gramu 3, ekstrakti ya kimea gramu 3, peptoni gramu 5, glukosi gramu 10 na aga gramu 20 kwa lita moja, pamoja na miligramu 100 za kloramfenikoli ili bakteria wasitangulie. Acha sahani katika nyuzi 28 za Selsiasi kwa siku tatu hadi tano.

Ipo njia nyingine inayopendeza kwa chachu zinazorusha mbegu zao, kama zile za jenasi ya Sporobolomyces. Paka vaselini kidogo ndani ya mfuniko wa sahani ya petri, bandika kipande cha jani juu yake, kisha ufunike sahani ili jani lining'inie juu ya aga bila kuigusa. Baada ya siku mbili au tatu utaona juu ya aga, chini ya jani lenyewe, koloni ndogo za waridi zilizojipanga kwa kufuata umbo la jani lile, mpaka mshipa wa katikati huweza kuonekana. Koloni hizo zimeanguka zenyewe, hazikuchanganyika na vumbi la jani, na kuzisafisha ni kazi nyepesi.

Koloni yenye ute hujitambulisha. Hung'aa, huteleza kuelekea ukingo wa sahani unapoiinamisha, na ukiigusa kwa kitanzi cha waya na kukiinua taratibu, uzi mwembamba hufuata kama wa bamia iliyokatwa. Ili kuthibitisha, changanya chembe ya koloni na tone la wino mweusi wa India kwenye kioo, ufunike na utazame kwa hadubini ukikuza mara 400. Seli iliyovaa ganda la ute huonekana ikiwa katikati ya duara jeupe lenye ukingo safi, wakati wino umejaa pande zote, ilhali seli isiyo na ganda huguswa na wino moja kwa moja. Hata hivyo, kukosekana kwa duara hakumaanishi kwamba hakuna polisakaridi, maana pululani, kwa mfano, huyeyuka sana majini na hutawanyika mbali na seli.

Hadhari ambayo haifai kuachwa

Chachu nyingine inayovaa ganda nene la ute ni Cryptococcus neoformans, ambayo husababisha homa ya uti wa mgongo na imeua watu wengi wenye upungufu wa kinga mwilini, hasa wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Huhusishwa sana na kinyesi cha njiwa. Kwa sababu hiyo usichukue sampuli chini ya viota vya njiwa wala katika dari za majengo ya kale ambamo njiwa wamezoea kulala. Na kila koloni nyeupe au ya rangi ya maziwa yenye ute uliyoitenga, ipande kwanza katika nyuzi 37 na kwenye aga ya urea kabla ya kuikuza kwa wingi. Inayomea vizuri katika nyuzi 37 na kugeuza aga ya urea kuwa ya waridi, iue katika otoklevu pamoja na sahani yake, isipokuwa kama maabara yako ina kabati la usalama wa kibiolojia na mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Rhodotorula nayo hugeuza urea, na baadhi yake humea katika nyuzi 37 na huweza kuwadhuru wagonjwa waliodhoofika, kwa hiyo rangi ya waridi ya koloni peke yake isikupe amani. Mtu mwenye kinga dhaifu apewe kazi nyingine katika maabara, na hilo lifanyike kwa staha, bila kumtangaza.

Chakula cha kukuzia

Chachu hizi hutoa polisakaridi nyingi pale sukari inapokuwa tele na naitrojeni inapokuwa haba, kwa kuwa seli zikikosa naitrojeni ya kujengea protini huelekeza sukari kwingine. Chakula kilichozoeleka kwa pululani, kwa lita moja ya maji yaliyotoneshwa, ni sukrosi gramu 50, fosfeti ya dipotasiamu gramu 5, chumvi ya kawaida gramu 1, salfeti ya magnesi gramu 0.2, salfeti ya amonia gramu 0.6 na ekstrakti ya hamira gramu 0.4. Rekebisha pH iwe karibu 6.5. Sukari ichemshwe katika otoklevu peke yake na chumvi peke yake, kisha zichanganywe zikishapoa, la sivyo mchanganyiko hugeuka rangi ya kahawia na baadaye utasumbua vipimo vya rangi.

Sukari nyeupe ya dukani inatosha kwa sukrosi. Najua kishawishi kilichopo Tanga, ambako machungwa ya Muheza hujaa sokoni hadi mengine huoza, na madafu hayakosekani: mtu hutaka kukuza chachu yake kwa juisi hiyo ili apunguze gharama na aonyeshe faida ya mazao ya nyumbani. Nia hiyo ni njema na nina imani kwamba ipo siku itazaa matunda. Lakini juisi ya machungwa ina pektini, nayo pektini ni polisakaridi inayogandishwa na ethanoli ileile utakayoitumia. Molasi huja na rangi nzito na wakati mwingine na polisakaridi zilizotengenezwa na bakteria wa miwa. Mtu asiyekuwa na flaski isiyopandwa ataripoti mavuno makubwa ya chachu wakati alichopima ni chungwa. Anza na sukari nyeupe, uijue chachu yako na polisakaridi yake, ndipo uhamie kwenye juisi ukiwa na cha kulinganishia. Kwa sababu hiyohiyo usikwangue ute kutoka juu ya aga ukauita sampuli, kwani aga yenyewe ni polisakaridi.

Kukuza

Anza na mbegu changa: koloni moja katika mililita 20 za chakula cha kwanza kisicho na aga, itikiswe kwa saa 24 hadi 48. Kutoka hapo chukua mililita 2.5 uzitie katika mililita 50 za chakula cha uzalishaji ndani ya flaski ya mililita 250. Usijaze flaski kupita hapo, maana chachu hizi zinahitaji hewa nyingi na ute unavyozidi ndivyo hewa inavyopenya kwa shida. Ziba kwa pamba, utikise kwa mizunguko 180 hadi 200 kwa dakika katika nyuzi 28. Flaski tatu zilizopandwa na mbili zisizopandwa ni kiwango cha chini kabisa ninachokikubali.

Hapa pwani nyuzi 28 hazidumu zenyewe. Wakati wa kaskazi chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30 mchana kutwa, na kusi inapovuma usiku hushuka chini ya hapo. Kama mashine yako ya kutikisa haina kipoza, weka kipimajoto ndani ya flaski ya maji iliyo katikati ya flaski nyingine, uandike asubuhi, mchana na jioni. Umeme ukikatika, andika saa ulipokatika na saa uliporudi. Saa chache za kusimama hubadili kiasi cha hewa kilichoifikia chachu, na bila kumbukumbu hiyo utashindwa kueleza kwa nini mavuno ya wiki hii hayafanani na ya wiki iliyopita.

Vuna sampuli ndogo kila siku, kuanzia siku ya pili hadi ya saba, uangalie pH, uzito wa seli na mnato. Usifikiri kwamba kuacha muda mrefu zaidi ni kupata zaidi. Aureobasidium ikizeeka hutoa rangi nyeusi ya melanini, ambayo ni taabu kuiondoa, na vimeng'enya vyake vyenyewe vya amilasi huanza kukatakata pululani, hivyo minyororo hufupika hata kama uzito haujapungua. Anayehitaji minyororo mirefu avune mapema na akubali gramu chache.

Kuvuna na kugandisha

Maji yenye ute mzito hayaachii seli zake kwa urahisi. Yaongezee maji yaliyotoneshwa kwa kiasi kilekile, yapashe moto katika nyuzi 80 kwa dakika 20 ili vimeng'enya vife, yapoze, kisha uyazungushe kwenye sentrifuji. Mitambo mikubwa hufika mara 10,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia, na dakika 20 hutosha. Sentrifuji ndogo ya kliniki haifiki huko, kwa hiyo ongeza maji tena na uzungushe kwa muda mrefu zaidi mpaka maji ya juu yawe maangavu. Seli zilizobaki chini zioshwe, zikaushwe na kupimwa, kwani uzito wao ni sehemu ya taarifa.

Maji ya juu yapunguzwe kwa moto wa taratibu hadi yarudi kwenye ujazo wa mwanzo au pungufu, yapozwe kwenye barafu, kisha yamiminiwe ethanoli ya asilimia 96 iliyo baridi, mara mbili ya ujazo wake, kidogo kidogo huku ukikoroga kwa kijiti cha kioo. Usitumie spiriti iliyotiwa rangi. Hapa ndipo jicho la mtu mzoefu hufanya kazi. Polisakaridi yenye minyororo mirefu hutokea kama nyuzi nyeupe zinazojisokota kwenye kijiti, na ukikiinua huning'inia pamoja nacho. Chumvi hutokea kama unga unaotua haraka chini, na ukiusugua kwa kijiti husikika ukikwaruza kioo. Tazama na flaski isiyopandwa kwa makini uleule, kwa sababu nayo itatoa kitu. Acha zote usiku kucha katika nyuzi 4, kisha ukusanye mashapo.

Kusafisha

Tuchukue mfano wa hesabu ili ubaya wa kuharakisha uonekane. Chachu ikiacha gramu 20 za sukrosi kwa lita bila kuzila, nawe ukaongeza ethanoli mara mbili ya ujazo, maji yaliyobaki yana takriban miligramu 6.7 za sukari kwa mililita. Mashapo yaliyolowa yakishika mililita 2 za maji hayo, yamebeba miligramu 13 za sukari. Kama polisakaridi yako yote ni miligramu 50, basi zaidi ya moja ya tano ya kile utakachokipima ni sukari uliyoinunua dukani. Na kipimo maarufu cha sukari zinazopunguza (zenye ncha huru inayoweza kubadili rangi ya kemikali ya kipimo), kile kinachosomwa kwenye nanomita 540, hakitakuonya, kwa kuwa sukrosi si sukari inayopunguza.

Kwa hiyo yeyusha mashapo katika maji ya moto kiasi, gandisha tena kwa ethanoli, na urudie. Kisha ondoa protini. Njia ya kale ya klorofomu na butanoli kwa uwiano wa 4 kwa 1 inafaa: tikisa myeyusho wako na mchanganyiko huo kwa nguvu, zungusha, na uondoe utando mweupe wa protini unaobaki mpakani kati ya maji na klorofomu, ukirudia mpaka utando usionekane. Kazi hii ifanyike ndani ya kabati lenye feni ya kufyonza mvuke, na taka za klorofomu zisimwagwe kwenye sinki.

Mwisho tia myeyusho katika mfuko wa dayalisisi, unaoachia molekuli ndogo kama sukari na chumvi zitoke na kuzuia molekuli zinazozidi daltoni (kizio cha uzito wa molekuli) 12,000 hadi 14,000. Mfuko mpya uchemshwe kwanza dakika 10 katika bikaboneti ya sodiamu ya asilimia 2, uoshwe vizuri, na usijazwe hadi juu, maana maji huingia na kuuvimbisha. Uache katika maji yaliyotoneshwa kwa saa 48 ndani ya friji, ukibadilisha maji asubuhi na jioni. Kabla ya kuutoa, chukua mililita 1 ya maji ya nje na uipime kwa fenoli na asidi, namna nitakavyoeleza sasa hivi. Maji ya nje yakitoa rangi, sukari bado inatoka, na dayalisisi haijaisha hata kama saa zimetimia.

Kausha kwa mashine ya kukaushia kwa baridi kama ipo, au gandisha kwa ethanoli, suuza kwa asetoni na ukaushe katika nyuzi 50 hadi uzito usibadilike. Polisakaridi kavu hunywa unyevu wa hewa ya Tanga mbele ya macho yako, na namba za mizani hupanda ukizitazama. Iache ipoe ndani ya desiketa (chombo kinachofungwa cha kukaushia) yenye silika, ipime upesi, na ifunge.

Kupima sukari na protini

Kipimo cha fenoli na asidi ya salfuriki, kilichochapishwa mwaka 1956 na Dubois na wenzake, bado hakina mpinzani kwa maabara ndogo. Mililita 1 ya sampuli yenye mikrogramu 10 hadi 100 za sukari itiwe mililita 1 ya fenoli ya asilimia 5, kisha mililita 5 za asidi ya salfuriki kali zimiminwe kwa haraka moja kwa moja juu ya uso wa maji, kwa sababu joto linalotokea ndilo linaloendesha kipimo. Acha dakika 10, tikisa, acha tena dakika 20, na usome kwenye nanomita 490. Vaa miwani na glavu: fenoli huunguza ngozi huku ikiitia ganzi, kwa hiyo mtu anaweza kuungua bila kujua.

Mchoro wa viwango ukiwa umetengenezwa kwa glukosi, jibu ni glukosi. Ili kupata uzito wa polisakaridi zidisha kwa 0.9, kwani kila glukosi inapojiunga na mnyororo hupoteza molekuli moja ya maji. Kumbuka pia kwamba manosi haitoi rangi sawa na glukosi. Ukishajua kuwa polisakaridi yako ni ya manosi, rudia mchoro kwa manosi. Protini ipimwe kwa njia ya Bradford ya mwaka 1976. Sampuli ambayo sukari na protini vikijumlishwa havikaribii uzito wa mizani ina chumvi au maji ndani yake, na irudi kwenye dayalisisi.

Kutambua

Chukua miligramu 5 hadi 10, uzitie katika mrija wa kioo unaofungwa barabara pamoja na mililita 2 za asidi ya trifluoroasetiki ya mola 2, upashe moto katika nyuzi 120 kwa saa 2, kisha uvukize asidi yote. Asiyekuwa na asidi hiyo atumie asidi ya salfuriki ya mola 1 katika nyuzi 100 kwa saa 4, na aiondolee ukali kwa kabonati ya bari, akikumbuka kuwa unga huo ni sumu. Sukari zilizopatikana zipandishwe kwenye bamba la silika pamoja na glukosi, manosi, galaktosi na zailosi zinazojulikana, kwa mchanganyiko wa butanoli, asidi ya asetiki na maji kwa uwiano wa 2:1:1. Nyunyiza asidi ya salfuriki iliyozimuliwa kwa ethanoli na upashe moto hadi madoa yatokee. Glukosi na manosi hukaribiana kwenye bamba, kwa hiyo doa moja lisikufanye uandike jina la sukari kwa wino. Uwiano kamili wa sukari utoke kwenye mashine ya kromatografia ya kimiminika au ya gesi.

Infraredi, yaani kupima mwanga usioonekana unaomezwa na sampuli, husaidia sana ikisomwa kwa kiasi. Mlima mpana karibu na 3400 kwa sentimita ni wa haidroksili, na hapo maji ya hewa yetu huongeza sauti yake, kwa hiyo bromidi ya potasiamu ya kutengenezea kidonge ikaushwe katika tanuri usiku kucha. Eneo la 1000 hadi 1200 ni la viungo vya sukari. Alama ndogo karibu na 890 huelekeza kwenye viungo vya beta, na karibu na 850 kwenye vya alfa. Ukiona milima miwili karibu na 1650 na 1540, protini ingalipo. Mlima karibu na 1735 ni dalili ya vikundi vya asetili.

Kwa anayedhani ana pululani, upo ushahidi wa bei nafuu: kimeng'enya cha pululanasi hukata viungo vya alfa-1,6 na kuacha maltotriosi (vile vipande vya glukosi tatu), inayoonekana wazi kwenye bamba la silika, na iodini haitoi rangi ya buluu kama inavyofanya kwa wanga. Ushahidi mkubwa zaidi ni wa NMR, mashine inayosoma viini vya atomi kwa sumaku, ambako protoni za alfa-1,4 hutokea karibu na 5.4 ppm na za alfa-1,6 karibu na 4.9 ppm, kwa uwiano wa 2 kwa 1. Urefu wa minyororo hupimwa kwa safu zinazochuja kwa ukubwa, nazo hulinganishwa kwa viwango ambavyo mara nyingi ni pululani yenyewe. Mnato unaweza kuupima hapahapa kwa mrija wa Ostwald uliozamishwa katika maji ya joto lisilobadilika.

Kwa anayetaka polisakaridi za ukuta

Tembo la mnazi ni chanzo kizuri cha Saccharomyces, lakini usivune mashapo ya kidumu cha mgema moja kwa moja. Humo mna bakteria wengi, na baadhi hutoa polisakaridi zao. Tenga chachu kwanza kwenye aga, uikuze peke yake, ukusanye seli na kuziosha. Zichemshe katika otoklevu kwa dakika 90 ndani ya sitrati ya mola 0.02 yenye pH 7. Maji ya juu yatakuwa na protini zenye manosi, na polisakaridi ya manosi inaweza kutengwa humo kwa myeyusho wa Fehling, ambao una shaba, kwani huungana na shaba hiyo na kuzama. Mabaki yapashwe moto katika haidroksidi ya sodiamu ya mola 1, nyuzi 80, saa 2, na yaoshwe hadi maji ya kuoshea yasiwe na haidroksidi tena. Kinachobaki ni beta-glukani pamoja na kitini, na mara nyingi glikojeni (akiba ya glukosi ya seli). Tone la iodini likigeuka wekundu wa kahawia, glikojeni ipo, nayo iondolewe kwa amilasi kabla hujaandika kiasi chochote cha glukani.

Kuhifadhi

Chachu inayopandwa tena na tena kwenye aga huweza kupoteza ute wake. Hifadhi seli za mwanzo katika gliseroli ya asilimia 20 ndani ya friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Pasipokuwa na friji hiyo, au umeme usipotegemeka, seli zilizotiwa katika maji yaliyotoneshwa ambayo yalikwisha kuchemshwa katika otoklevu na kupoa, ndani ya vichupa vilivyofungwa vizuri, hukaa hai muda mrefu katika joto la chumba. Polisakaridi kavu ikipelekwa kwenye maabara nyingine, iende katika kichupa chenye jina la chachu, mti na mahali ilipotoka, chakula ilichokuzwa, siku iliyovunwa, na asilimia ya sukari na protini. Kichupa cha flaski isiyopandwa kiende pamoja nayo, chenye lebo yake.